Umegongwa, Gari Limetokomea: Mwongozo Kamili wa Kupata Msaada wa Kisheria Tanga

Ajali ya gari kugonga na kukimbia ina ugumu mmoja unaozidi mingine yote: hujui unamdai nani. Bima hulipa kwa niaba ya mtu aliyekatiwa bima hiyo. Mahakama humhukumu mtu mwenye jina. Trafiki humshtaki dereva anayejulikana. Bila namba ya gari, faili lako litabaki kuwa risiti za hospitali na pole za majirani. Ndiyo maana kazi ya kisheria katika ajali ya namna hii haianzii ofisini kwa wakili. Inaanzia barabarani, siku ileile, na hata wakili hodari hana mengi ya kufanya miezi mitatu baadaye ikiwa siku tatu za kwanza zilipita bure.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, amsaidie majeruhi, atoe jina na anwani yake, kisha atoe taarifa polisi. Kukimbia ni kosa la peke yake, hata kama ajali yenyewe haikuwa uzembe wake. Tofautisha hapo mtu aliyetoroka na aliyeogopa kipigo. Wapo madereva wanaoondoka eneo la tukio kwa kuhofia wananchi wenye hasira, wakaenda moja kwa moja kujisalimisha kituo kilicho mbele. Aliyegongwa Pongwe asiishie kuuliza kituo cha Pongwe tu. Apige simu au atume mtu Muheza, na hata Korogwe, kwani huenda gari analolisaka limeegeshwa uani kwa polisi tangu jana usiku.

Gawaneni kazi mara moja

Mtu mmoja aende na majeruhi, mwingine abaki palipotokea ajali. Familia nyingi hukosea hapa: wote wanapanda bajaji kwenda hospitali ya Bombo, na wakirudi barabara imeshafagiliwa.

Anayekwenda hospitali ajue kwamba matibabu ya dharura hayasubiri PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Majeruhi apokelewe kwanza, fomu itafuata. Iwe ni Bombo kwa waliomo jijini, Teule kwa walio Muheza au Magunga kwa walio Korogwe, msemo ni uleule: "Mgonjwa aanze kuhudumiwa, PF3 inafuatwa polisi." Hakikisha mapokezi wanaandika kwamba ni ajali ya gari na saa aliyofikishwa. Kadi ikiandikwa "ameanguka" kwa sababu aliyemleta hakuona tukio, utahangaika baadaye kueleza mguu ulivunjikaje.

Anayebaki barabarani apige 112 ili trafiki waje kupima ajali. Wakati anawasubiri apige picha za aina mbili. Kwanza za mbali, zinazoonyesha mahali palipo: kibao cha barabara, nguzo ya umeme, duka, msikiti, kituo cha mafuta. Kisha za karibu: alama za breki, damu, vipande vya taa, rangi iliyobaki kwenye baiskeli, mafuta yaliyomwagika. Kwenye picha za karibu weka kitu chenye kipimo kinachojulikana, kwa mfano sarafu au daftari. Vipande visiokotwe kabla ya polisi kufika. Ikilazimu kuviondoa kwa sababu magari yanapita, vipigwe picha vikiwa mahali pake, viokotwe na mtu mmoja, vitiwe kwenye bahasha ya kaki, na jina la aliyeviokota pamoja na saa viandikwe juu yake. Ushahidi uliopita mikono mitano isiyo na majina ni rahisi sana kukataliwa.

Chukua majina na namba za simu za mashahidi papo hapo. Usiridhike na "yule kijana wa bodaboda wa kijiweni", kwani vijana wa kijiwe huhama. Muuza machungwa wa Muheza, mama ntilie na mlinzi wa ghala wana faida kubwa kuliko mpita njia, maana kesho utawakuta palepale. Kila mmoja aandike au ajirekodi kwa simu alichokiona mwenyewe, kabla hawajakaa pamoja kusimuliana. Wakishasimuliana, ushahidi wa watu watano hugeuka kuwa hadithi moja, na wakili wa upande wa pili ataibomoa kwa maswali mawili.

Namba ya gari, hata nusu yake

Namba za kawaida za Tanzania Bara huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu. Pikipiki huanza na MC. Shahidi aliyekumbuka herufi tatu za mwisho peke yake bado ameleta dhahabu: zikiunganishwa na aina ya gari na rangi, polisi wanaweza kupunguza orodha kwenye kumbukumbu za usajili za mamlaka ya mapato, TRA. Muulize pia rangi ya kibao chenyewe. Cha njano ni cha gari binafsi, cheupe ni cha gari la biashara. SU ni gari la shirika la umma, SM la serikali za mitaa, PT la polisi, JW la jeshi, DFP la miradi ya wafadhili. Zinazoanza na K ni za Kenya, na kwa mkoa unaopakana na Kenya pale Horohoro hilo si jambo la kushangaza.

Kama hakuna aliyeona namba, rudi kwenye ramani. Gari linalotoka Tanga mjini kwenda mbali lina barabara kuu tatu: ya Segera, ya Horohoro na ya Pangani. Ukijua lilielekea upande gani, orodhesha kila penye kamera au daftari njiani: vituo vya mafuta, mageti ya viwanda, benki, hoteli, stendi ya Kange, na kwa malori, mizani ya TANROADS na forodha ya Horohoro, ambako namba za magari huandikwa. Fika kwenye vituo vya mafuta siku ileile au kesho yake. Mashine za CCTV hufuta picha za zamani zenyewe diski ikijaa, na hilo linaweza kuchukua siku chache tu. Mwenye kituo ana haki ya kukataa kukupa picha. Muombe basi kitu kidogo zaidi: asiifute. Kisha umpelekee mpelelezi jina la kituo, tarehe na saa ili yeye aiombe rasmi. Picha ya kielektroniki inapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila lazima ionekane imetoka wapi, ilihifadhiwaje na nani aliitoa. Kipande kilichorekodiwa kwa simu kutoka kwenye skrini ya mlinzi kinasaidia kulitafuta gari, lakini kina udhaifu kikifika kwa hakimu.

Kuna kosa dogo linaloharibu picha nzuri: saa. Shahidi husema "saa mbili usiku", askari huandika 2000, na karani mwingine akanakili 0200. Kamera nayo huenda saa yake iko mbele dakika kumi na saba. Unapotazama picha, linganisha saa ya kamera na ya simu yako wakati huohuo, uandike tofauti yake.

Lililogonga likiwa basi la abiria la masafa marefu, mabasi hayo hufungwa kifaa cha mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, cha kufuatilia mwendo, VTS. Mfumo huo unaonyesha basi lipi lilipita wapi, saa ngapi, kwa mwendo gani. Muombe mpelelezi aandikie LATRA mkoa, na ombi lako liwe kwa maandishi ili nakala ibaki faili.

Mwisho ni gereji. Gari lililogonga mtu limevunjika taa, bampa au kioo cha mbele, na mwenye nalo anataka litengenezwe kimya kimya. Fundi wa bodi au muuza vipuri aliyezoea kazi anaweza kukitazama kipande cha taa akakuambia ni cha Noah, Probox au Fuso. Ukipata fununu, mpe mpelelezi. Usilifuate gari mwenyewe ukiwa na ndugu kumi, maana mkilipiga mawe mtageuka washtakiwa na kesi yenu itachafuka.

Polisi: karatasi unazopaswa kuondoka nazo

Taarifa itolewe kituo kinachohusika na eneo la ajali. Kwa sehemu kubwa ya jiji, watu huelekea Chumbageni. Ukishaandikisha, pata namba ya RB, yaani ya kuandikishwa kwa taarifa yako, na namba ya jalada, jina la askari mpelelezi, cheo chake na namba yake ya simu. Maelezo yako usiyasaini kabla ya kuyasoma, na kama hujui kusoma, yasomwe kwa sauti mbele ya mtu wako. Sema ulichoona. Usiyoyaona yaache: "Sikuiona namba" haina aibu, ila namba ya kubahatisha humfikisha mtu asiyehusika mahabusu na kuua kesi.

PF3 ni bure. Polisi hujaza sehemu ya juu, daktari hujaza majeraha, kisha fomu hurudi polisi. Tatizo la kila siku ni majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanaidi, PF3 inasema Mwana Idi, kadi ya hospitali inasema Mwanahidi. Kampuni ya bima ikiona hivyo itakuuliza watu hao watatu ni kina nani, na utalazimika kwenda kuapa kiapo cha majina. Peleka kitambulisho tangu mwanzo. Piga nakala ya PF3 iliyojazwa kabla hujairudisha, ukihesabu hospitali, polisi, wakili na wewe mwenyewe.

Gari likipatikana, kuna karatasi nyingine tatu utakazozisikia: PF115, ambayo ni taarifa ya awali ya ajali, PF93, ripoti ya ukaguzi wa gari, na PF90, taarifa ya mwisho ya upelelezi. Kampuni za bima huzidai zote, pamoja na mchoro wa ajali. Angalia kwamba mchoro unaonyesha upande uliokuwepo wewe. Mwenda kwa miguu aliyekuwa pembeni akichorwa katikati ya lami, fidia yake inaweza kupungua kwa hoja kwamba alichangia ajali.

Upelelezi ukilala, panda ngazi kwa maandishi: mkuu wa kituo, mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, wa mkoa, halafu Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Barua ya aya mbili yenye namba ya RB, tarehe na kitu mahususi unachoomba ("kamera ya kituo fulani haijachukuliwa hadi leo") hufanya kazi kuliko kufika kaunta kila siku kulalamika. Ukiombwa hela ili faili lisogee, namba ya TAKUKURU ni 113, na haitozwi.

Aliyegongwa akifariki

Hapa pwani tunazika mapema, na ni vema. Lakini maiti ya ajali isizikwe kabla daktari hajaiona na kuandika sababu ya kifo. Familia iwaeleze polisi na hospitali mapema kwamba mazishi ni baada ya alasiri, waombe uchunguzi ufanyike asubuhi. Wakati mwingine uchunguzi wa nje unatosha, daktari ndiye anayeamua. Mkizika bila hayo, mtetezi wa dereva atasema marehemu alikuwa na presha, na nyinyi hamtakuwa na karatasi ya kumjibu.

Baada ya kibali cha mazishi, fuateni cheti cha kifo cha RITA, kikao cha ukoo, kisha usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, ambako msimamizi hupewa fomu namba 4. Madai ya wategemezi, yaani mke au mume, watoto na wazazi, yanasimamiwa na sheria ya ajali za vifo, Sura ya 310. Msimamizi hudai kwa niaba yao. Fedha si zake, na ni vizuri mgawanyo ukaandikwa kabla hazijaingia benki, wakati watu bado wanasikilizana.

Nani wa kukusaidia, na kwa bei gani

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, waliosajiliwa na wanaofanya kazi ngazi ya jamii. Huduma yao haitozwi ada, na hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Kwa hatua ya kusaka gari, kuandika barua za polisi na kupanga faili, mtu huyo mara nyingi anakufaa kuliko wakili, kwa kuwa anazijua ofisi za wilaya na ana muda. Kuwapata, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii ya halmashauri yako, ambako wasajili wasaidizi wa watoa msaada wa kisheria hupatikana au hujulikana. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kina ofisi Tanga na huwahudumia zaidi wanawake na watoto. Tanganyika Law Society, chama cha mawakili, nayo ina mawakili wanaochukua kesi za wasio na uwezo. Timu za Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, zikipita wilayani kwako, nenda na faili zima, usiende na maneno matupu.

Ofisi yoyote utakayokwenda itataka mambo yaleyale: kitambulisho, RB, PF3, kadi na risiti za hospitali, picha, majina ya mashahidi, na karatasi moja yenye mtiririko wa matukio kwa tarehe. Karatasi hiyo ya mtiririko ndiyo inayomfanya wakili akusikilize dakika ya kwanza. Kama huna uwezo wa kulipa, ongeza barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayoeleza hali yako.

Wakili wa kulipwa ni wa lazima zaidi pale majeraha ni makubwa, pana kifo, gari ni la serikali au la nje, au kampuni ya bima imekataa. Kabla ya kumpa chochote, angalia jina lake kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili uone kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Vishoka wapo. Huzunguka wodini na kwenye misiba wakiahidi kwamba "hela ya bima inatoka ndani ya wiki mbili", wakachukua PF3 halisi, wakapotea. Karatasi halisi usimwachie mtu ambaye hajakupa risiti iliyoorodhesha alivyochukua.

Ada iandikwe: ni kiasi gani, inalipwa lini, inahusisha nini, na gharama za mahakama na nauli ni za nani. Mkikubaliana malipo yatokane na fidia, iandikwe inahesabiwa kwenye kiasi kipi, na fedha ya bima iingie akaunti gani. Wakili mwadilifu hachukii maswali haya.

Kesi mbili, saa moja inayokimbia

Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Wewe ni shahidi, na huna mamlaka ya kuifuta hata mkielewana. Dereva akitiwa hatiani, mahakama inaweza kuamuru akulipe fidia, kwa hiyo kabla ya siku ya hukumu mpe mwendesha mashtaka nakala za risiti zako na umuombe alitaje jambo hilo. Faida yake nyingine inaonekana baadaye: hukumu ya mwisho iliyomtia dereva hatiani hutumika kama ushahidi kamili kwenye kesi ya madai. Omba nakala iliyothibitishwa.

Kesi ya madai ni yako. Hufunguliwa dhidi ya dereva pamoja na mmiliki, kwani mwajiri huwajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Tahadhari kuhusu mmiliki: magari mengi huuzwa bila kadi kubadilishwa jina, na anayeonekana TRA akaja na mkataba wa mauzo wa miaka minne nyuma. Wakili mzoefu huwaunganisha wote wawili badala ya kubahatisha. Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka 3 tangu tukio, na upelelezi wa polisi hausimamishi saa hiyo. Wengi hungoja kesi ya trafiki iishe, wakigutuka mwaka wa nne wamefika.

Madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 200 huenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na yanayozidi huenda Mahakama Kuu. Kinachohesabiwa ni hasara halisi unayoidai. Fidia ya jumla ya maumivu, ambayo hakimu huikadiria mwenyewe, haiingii kwenye hesabu hiyo. Mtu anayeandika "nadai milioni 500 za maumivu" ili apelekwe Mahakama Kuu anajichelewesha tu.

Kama gari ni la serikali, la halmashauri au la shirika la umma, lazima kwanza kutoa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Kesi iliyokosa notisi hiyo huondolewa bila hata kusikilizwa.

Bima na hesabu ya madai

Namba ikipatikana, angalia kwenye mfumo wa TIRAMIS wa mamlaka ya bima, TIRA, kama gari lilikuwa na bima siku ya ajali. Stika ya leo haikusaidii kama ilikatwa kesho yake. Kila gari linalotembea barabarani linapaswa kuwa angalau na bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu, kwa mujibu wa Sura ya 169. Iandikie kampuni mapema, kabla ya kufungua kesi, uitaarifu ajali na nia yako ya kudai mahakamani. Usipoitaarifu, inaweza kukataa kuilipa hukumu utakayoishinda. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Gari la Kenya linapaswa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hulipia madhara linayofanya huku kwetu. Namba ya kadi huonekana kwenye nyaraka za dereva, na polisi wanapaswa kuinakili kabla hawajaliachia gari.

Madai yapange kwa mafungu. Hasara halisi ni kila shilingi yenye uthibitisho: dawa, vyuma vya mguu, nauli za kliniki, mtu wa kumuuguza, baiskeli iliyosagika, na kipato kilichopotea. Fundi baiskeli wa Ngamiani anayepata 15,000 kwa siku, akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, akilala miezi 5, amepoteza 1,950,000. Mahakama haitakubali kwa kuitaja tu. Lete daftari la kazi, leseni ya biashara, miamala ya simu au mashahidi wateja. Nauli ya bajaji haina risiti, hivyo andika kila safari kwenye daftari, tarehe na kiasi, ambatanisha na tarehe za kliniki. Hasara halisi isiyothibitishwa hukatwa yote.

Fungu la ulemavu ndilo hugharimu watu zaidi, kwa haraka yao wenyewe. Kampuni ikileta ofa wakati mguu bado una plasta, hakuna anayejua utapona kiasi gani. Subiri daktari aandike asilimia ya ulemavu wa kudumu baada ya matibabu kukamilika. Ile karatasi ya kukubali malipo, disichaji vocha, ukiisaini umefunga mlango, hata chuma kikihitaji kutolewa mwakani. Kampuni ikikataa au ikikuzungusha, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, hupokea malalamiko bila malipo.

Ndugu wa dereva watakuja pia, na mkungu wa ndizi, wakitaka "tuyamalize kiungwana". Kupokea msaada wa matibabu si kosa. Iandikwe tu: "Nimepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya matibabu, madai mengine yanaendelea." Karatasi yenye maneno "sina madai tena" usiisaini sebuleni.

Gari lisipopatikana kabisa

Bado kuna milango, na yote inahitaji RB na PF3. Aliyegongwa akiwa kazini, awe tarishi, dereva au mfagia barabara wa kampuni, anastahili kudai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao hauulizi mkosaji ni nani. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7 za kazi, na madai yafike ndani ya miezi 12. Mwajiri akisita, nenda WCF mwenyewe. Mwenye bima kubwa adai gari lake kwenye bima yake. Wanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, waulizie mafao ya ulemavu au ya wategemezi. Angalia pia mkopo wa benki au SACCOS, kwani mingi ina bima inayofuta deni kwa kifo au ulemavu, na familia hulilipa miaka bila kujua. Hospitali, muone afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha kabla bili haijawa kubwa, kwa sababu baada ya kuruhusiwa ni vigumu zaidi. Jalada la polisi omba lisifungwe: taa iliyookotwa Pongwe inaweza kukutana na gari lake gerejini baada ya miezi.

Na ukishinda dhidi ya mtu asiye na bima, hukumu haijilipi. Hatua inayofuata ni kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama ikamate mali yake. Tangu mwanzo wa kesi andika anamiliki nini na kiko wapi: gari, kiwanja, duka, akaunti. Ukiona anaanza kuuza, wakili aombe zuio mara moja, ikiwemo kwa lile gari lenyewe kabla polisi hawajamrudishia.